Namna ya Kukagua Kondo la Nyuma Mara Baada ya Mama Kujifungua

Mtoto akishazaliwa na kulia, macho ya wote waliomo leba humgeukia yeye, na kondo la nyuma mara nyingi hutupiwa jicho la haraka na kutumbukizwa ndooni. Hilo ni jambo la hatari. Kipande kidogo cha kondo kikisalia tumboni, mji wa mimba hushindwa kujikaza sawasawa, na mama aliyeonekana mzima saa 4 asubuhi anaweza kuwa amepoteza damu kupita kiasi kabla ya adhuhuri, au akarudi nyumbani na kushikwa na homa ya maambukizi siku chache baadaye. Mwongozo huu umekusudiwa wanafunzi wa ukunga na wauguzi wa zahanati na vituo vya afya, lakini mzazi yeyote anayetaka kukielewa kiungo kilichomlea mwanawe anaweza kuufuata. Nimeeleza hatua za ukaguzi pamoja na ukuaji wa sehemu inayokaguliwa, kwa sababu ninaamini kwamba mkunga anayejua kondo lilivyoota huona kasoro ambazo aliyekariri hatua peke yake huzipita.

Kabla kondo halijatoka

Ukaguzi mzuri huanza na kutoa kondo kwa utaratibu. Mtoto akishazaliwa, papasa tumbo la mama uhakikishe kuwa hakuna pacha mwingine, kisha ndani ya dakika moja umdunge oksitosini, dawa ya kuukaza mji wa mimba, yuniti 10 kwenye msuli. Kitovu hubanwa na kukatwa baada ya dakika 1 hadi 3, kama Shirika la Afya Duniani linavyoelekeza, ili sehemu ya damu iliyomo kwenye kondo imfikie mtoto. Mtoto anayehitaji kusaidiwa kupumua upesi hasubirishwi. Kondo linapobanduka utaona damu kiasi ikitoka kwa ghafla, kitovu kikirefuka nje ya uke, na mji wa mimba ukiwa mgumu, wa mviringo, ukipanda juu kidogo. Vuta kitovu taratibu kwa mkono mmoja huku mkono mwingine ukiuzuia mji wa mimba juu ya mfupa wa kinena, na kama hujafunzwa kufanya hivyo, usivute. Kondo likijitokeza, lipokee kwa viganja viwili na ulizungushe polepole ili tando zijisokote na kutoka zote, kwa kuwa tando zinazovutwa kwa pupa huchanika na kubaki ndani.

Kabla ya kuligeukia kondo, mrudie mama kwanza. Hakikisha mji wa mimba umekaza na damu haitiririki. Kondo linaweza kusubiri dakika chache kwenye beseni, mama hawezi.

Upande wa mama

Vaa glavu na aproni, sogea penye mwanga wa kutosha, na ulilaze kondo kwenye trei pana, upande uliokuwa umeshikamana na mji wa mimba ukiangalia juu. Usioshe chochote kwanza. Tazama mabonge ya damu: yale yaliyolegea huteleza yenyewe na hayana neno, lakini bonge jeusi lililong’ang’ania na kuacha bonde chini yake linaonyesha kwamba sehemu hiyo ilibanduka kabla ya wakati, nalo ni la kuandikwa. Baada ya hapo, futa uso wote kwa shashi yenye maji.

Upande huu una rangi nyekundu iliyoiva, nao umegawanyika katika vipande 15 hadi 20 hivi, ambavyo vitabuni huitwa kotiledoni, vilivyotenganishwa na mifereji isiyo na kina kirefu. Ingiza viganja vyote viwili chini ya kondo, kisha uvikunje kidogo kuelekea juu ili kondo libonyee katikati. Kondo kamili likishikwa hivyo, vipande vyake hukaribiana na kugusana ukingo kwa ukingo, na juu yake unaona ngozi nyembamba ya kijivu inayong’aa. Pale ambapo kipande kimekosekana, kingo hazikutani. Hubaki pengo lenye nyuzi zilizochanika, jekundu kuliko sehemu nyingine, lisilo na ile ngozi ya kijivu. Pitisha macho kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, mfereji kwa mfereji, na penye shaka ufute tena kwa shashi na uangalie upya.

Mifereji hiyo ina chanzo chake. Siku ya 6 au ya 7 baada ya yai kurutubishwa, kiinitete huwa bado ni kifuko kidogo cha seli chenye majimaji ndani, na ndipo kinapoanza kujichimbia kwenye ukuta wa mji wa mimba. Seli zake za nje, ziitwazo trofoblasti, ndizo zinazotangulia. Hazitajenga kiungo chochote cha mtoto, maana kazi yao yote ni kondo na tando zake. Kufikia siku ya 12 hivi kiinitete kimezama chote, na seli hizo zimekwisha kufungua mianya ambayo baadaye hujaa damu ya mama. Mwishoni mwa wiki ya 3 trofoblasti imechipuza vijitawi vyenye mishipa midogo ya damu ya mtoto, na karibu wakati huohuo moyo wa kiinitete unaanza kupiga. Vijitawi hivyo huendelea kugawanyika mwezi hadi mwezi, vikining’inia ndani ya dimbwi la damu ya mama kama mwani unavyoelea ndani ya maji ya bahari. Kati ya mwezi wa 4 na wa 5, kuta nyembamba kutoka upande wa mama hupanda katikati ya mashina ya vijitawi na kuligawa dimbwi katika vyumba, ingawa hazifiki hadi juu, kwa hiyo damu bado hupita kutoka chumba kimoja hadi kingine. Mipaka ya kuta hizo ndiyo mifereji unayoiona kwenye trei, na ndiyo sababu kipande kimoja kinaweza kung’oka peke yake na kubaki tumboni ilhali vingine vimetoka salama.

Watu wengi bado wanaamini kwamba damu ya mama humwingia mtoto moja kwa moja. Sivyo. Katika karne ya 18 ndugu wawili madaktari waliofanya kazi London, William na John Hunter, walidunga nta ya rangi kwenye mishipa na kuonyesha kwamba mzunguko wa mama na wa mtoto hukaa kila mmoja upande wake. Kinachopita ni hewa ya oksijeni, maji, sukari, chumvichumvi na vijenzi vya protini kuja kwa mtoto, na kabonidioksaidi pamoja na takataka za mwili wake kurudi kwa mama, vyote vikivuka ngozi nyembamba ya vijitawi ambayo, kama ingetandazwa ujauzito ukiwa umetimia, ingefikia mita za mraba 10 na zaidi. Damu ya mtoto aliye tumboni ina himoglobini ya aina yake inayoshika oksijeni kwa nguvu kuliko ya mtu mzima, na hivyo huweza kuichukua oksijeni kutoka kwa mama hata ikiwa si nyingi. Kingamwili za aina ya IgG nazo huvushwa, hasa katika miezi 3 ya mwisho, na hapo ndipo chanjo ya pepopunda anayopewa mama kliniki inapomlinda mtoto wake mchanga. Lakini kondo si ukuta wa kuzuia kila kibaya: pombe, nikotini, hewa chafu ya kaboni monoksaidi na dawa nyingi hupita, jambo ambalo dunia ililijua kwa uchungu baada ya dawa ya thalidomaidi kusababisha maelfu ya watoto kuzaliwa na viungo pungufu mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Jambo moja zaidi kuhusu upande huu, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Mishipa ya mama inayolijaza lile dimbwi ilikuwa myembamba na ya kujisokota kabla ya ujauzito. Trofoblasti huiingia, huvunja misuli ya kuta zake na kuigeuza kuwa mipana na iliyolegea. Mwanzoni seli hizo huwa zimeiziba, na damu ya mama haianzi kumiminika kwa wingi mpaka karibu na mwisho wa mwezi wa 3. Ujauzito unapotimia, mililita 500 hadi 700 za damu hupita hapo kila dakika. Kondo likishabanduka, midomo ya mishipa hiyo hubaki wazi, wala haina tena misuli yake ya kujifunga. Kinachoifunga ni nyuzi za misuli ya mji wa mimba zinazoibana kutoka nje. Kipande cha kondo kilichosalia huzuia mbano huo, na mama huendelea kutoka damu kwa kasi ambayo familia, na wakati mwingine mhudumu pia, hawaitambui mpaka shuka na kanga zimelowa.

Kazi ya kuipanua mishipa hiyo isipokamilika mapema, madhara yake hujitokeza miezi kadhaa baadaye kwa njia ya shinikizo la damu linalopanda na protini kwenye mkojo, hali ambayo isipodhibitiwa huweza kuishia kwenye kifafa cha mimba. Kondo la mama wa namna hiyo mara nyingi ni dogo, na lina mabaka magumu ya rangi ya manjano au nyeupe, ambayo ni sehemu zilizokufa kwa kukosa damu. Mabaka machache madogo ya pembeni, pamoja na chembe za chokaa zinazokwaruza kidole, huonekana hata kwenye kondo lenye afya lililotimiza miezi yake, na hayapaswi kumtia mama hofu.

Upande wa mtoto

Ligeuze kondo. Upande huu ni laini, unang’aa, una rangi ya kijivu inayoelekea buluu, na mishipa ya damu husambaa juu yake kutoka kwenye shina la kitovu. Ifuate mishipa mikubwa mmoja mmoja kwa kidole. Kila mmoja unapaswa kuzama ndani ya kondo kabla ya kufika ukingoni. Ukiona mshipa unaovuka ukingo na kuingia kwenye utando, ufuate usiuache: huenda unakwenda kwenye kipande cha ziada kilichoota mbali kidogo na kondo lenyewe. Kipande hicho kikiwepo, mama yuko salama. Mshipa ukiishia kwenye tundu lililochanika la utando, kipande cha ziada kimebaki tumboni, hata kama upande wa mama ulionekana kamili kabisa.

Vipande vya ziada hutokana na mwanzo wa ukuaji. Katika wiki za kwanza vijitawi hukizunguka kifuko chote cha kiinitete, kila upande. Baadaye vile vinavyoelekea kwenye uwazi wa mji wa mimba hunyauka na kuacha utando laini, na vile vinavyoelekea kwenye ukuta wenye damu nyingi hustawi na kuwa kondo. Mahali ambapo vijitawi havikunyauka kama ilivyotarajiwa, huota kondo dogo la pembeni.

Tazama pia kitovu kimeshikamana wapi. Kwa kawaida huwa katikati au karibu na katikati, na kikiwa ukingoni si tatizo kubwa, ila usikivute kwa nguvu. Katika mimba 1 hivi kati ya 100 kitovu hushikamana na utando, na mishipa yake husafiri humo bila kinga yoyote kabla ya kulifikia kondo. Mishipa ya namna hiyo ikikatiza mbele ya mlango wa kizazi, chupa inaweza kupasuka nayo, na damu inayotoka ikawa ni ya mtoto mwenyewe.

Tando

Inua kondo kwa kushika kitovu, uache tando zining’inie, kisha ingiza mkono kupitia tundu alimotokea mtoto na uzipanue kwa vidole. Tundu likiwa moja lenye kingo zinazoweza kurudishiwa pamoja, tando zimetimia. Zikiwa zimechanika vipandevipande au kimekosekana kipande kikubwa, andika hivyo. Tando ni mbili. Wa ndani ni mwembamba, unapitisha mwanga, na ni imara kuliko unavyodhani ukiutazama. Ubandue kwa vidole na utaona unafika hadi kwenye shina la kitovu. Wa nje ni mnene zaidi, una ukungu, huchanika upesi, na ndio unaobaki tumboni mara nyingi. Umbali kati ya tundu na ukingo wa kondo nao una maana: tundu likiwa karibu sana na ukingo, kondo lilikuwa limekaa chini, karibu na mlango wa kizazi.

Kwa mapacha, weka alama kwenye kila kitovu mara kinapokatwa ili ujue ni cha nani, kisha uuchunguze utando uliowatenganisha. Ukiwa na tabaka za nje katikati yake huwa mnene na wenye ukungu, na kila mtoto alikuwa na kondo lake hata kama makondo hayo yameungana. Ukiwa mwembamba unaopitisha mwanga, walishirikiana kondo moja, na hao ni pacha wa kufanana.

Kitovu

Pima urefu wake, ukikumbuka kujumlisha kipande kilichobaki kwa mtoto. Wastani ni sentimita 50 hadi 60. Kisha kata upya kwa wembe safi mbali kidogo na shina, kwa sababu karibu na kondo ateri mbili huweza kuungana na kukudanganya. Futa damu, bonyeza kidogo, na uangalie mkato wenyewe: vena ni moja, pana, yenye tundu linaloachama, na ateri ni mbili, ndogo, zenye kuta ngumu zinazochomoza kidogo juu ya ute mweupe unaozizunguka. Vena ndiyo inayomletea mtoto damu yenye oksijeni na ateri ndizo zinazoirudisha iliyotumika, kinyume cha ilivyo mwilini mwa mtu mzima. Ateri ikiwa moja tu, watoto wengi huwa wazima, lakini uhusiano wake na kasoro za figo na moyo unajulikana, kwa hiyo mtoto apimwe kwa makini na daktari kabla ya kupewa ruhusa.

Uzito, rangi na harufu

Kondo lililotimia huwa na uzito wa gramu 500 hivi, yaani karibu sehemu 1 kwa 6 ya uzito wa mtoto, na upana wa sentimita 15 hadi 22. Likiwa kubwa kupita kiasi, lililovimba na kupauka, fikiria kaswende au mgongano wa kundi la Rh kati ya damu ya mama na ya mtoto, kisha uangalie vipimo kwenye kadi ya kliniki. Harufu mbaya inaashiria maambukizi, na rangi ya kijani kwenye tando inaonyesha kwamba mtoto alitoa choo chake cha kwanza akiwa bado ndani.

Katika maeneo yetu yenye malaria, kama vile kandokando ya Ziwa Viktoria na pwani, kuna la kuongeza. Vimelea vya falsiparamu hubadilisha uso wa chembe nyekundu za damu zikawa zinanata kwenye vijitawi vya kondo, na hivyo hujificha humo kwa wingi hata pale ambapo damu ya kidoleni inaonyesha vimelea vichache au haionyeshi kabisa. Mama hupungukiwa na damu, na mtoto huzaliwa na uzito pungufu. Walio katika hatari kubwa ni wenye mimba ya kwanza, kwa kuwa kinga dhidi ya vimelea vinavyokaa kwenye kondo hujengwa kadiri mwanamke anavyopata mimba. Kondo lililoathirika sana linaweza kuonekana jeusi kuliko kawaida, ingawa uthibitisho hutolewa na hadubini. Ni kwa sababu hii mjamzito hupewa vidonge vya SP, dawa ya kukinga malaria, kuanzia miezi mitatu ya pili ya ujauzito, angalau mara 3, kwa kupishana mwezi mmoja au zaidi. Mama mwenye VVU anayetumia kotrimoksazoli hapewi SP.

Ukigundua upungufu

Kipande kikikosekana, ita msaada papo hapo na usimwache mama peke yake. Papasa mji wa mimba na kuusugua mpaka ukaze, hakikisha kibofu kiko tupu, fungua njia ya dripu, mpe oksitosini kwa mujibu wa mwongozo wa kituo chako, na upime mapigo ya moyo na shinikizo la damu mara kwa mara. Kuingiza mkono ili kutoa kipande ni kazi ya aliyefunzwa, ikiambatana na dawa ya maumivu na antibiotiki. Zahanati isiyo na mtu huyo impe mama rufaa mapema, damu ikiwa bado inadhibitika. Utaratibu ni huohuo kwa kondo ambalo halijatoka kabisa baada ya dakika 30. Kwa mama aliyewahi kupasuliwa kondo linaweza kuwa limeota ndani ya kovu, na kulilazimisha litoke kunaweza kumletea umauti. Kondo lenye kasoro lisitupwe. Lihifadhiwe kwenye chombo kilichofunikwa na kuandikwa jina ili liende pamoja na mama au lionwe na daktari.

Matokeo yote yaandikwe kwenye faili na fomu ya patografu, yaani chati ya kufuatilia uchungu, kwa maneno kamili. Neno “kawaida” halimsaidii mhudumu wa zamu ya usiku. Sentensi kwamba vipande vyote vimeonekana, tando zimetimia, na kitovu kina ateri 2 na vena 1 inamsaidia sana.

Kondo lisilo na kasoro hupelekwa kwenye shimo la kondo la kituo, au hukabidhiwa familia inayoliomba, likiwa ndani ya mfuko usiovuja. Ombi hilo lipokewe kwa heshima. Waganda walizika kondo chini ya mgomba, na hata leo msemaji wa Kiswahili huitaja asili yake kwa kusema mahali kitovu chake kilipozikwa. Waelezwe tu wavae glavu au mifuko ya plastiki mikononi na wachimbe shimo refu mbali na kisima.

Kabla mama hajapewa ruhusa, mwambie yeye na anayemsindikiza kwamba kondo lilikuwa pia linatoa homoni. Ndilo lililozalisha homoni ya hCG inayosomwa na kipimo cha mkojo, na kuanzia wiki ya 7 hadi ya 10 lilipokea kutoka kwenye ovari kazi ya kutengeneza projesteroni inayoitunza mimba. Homoni hiyo ilizuia maziwa kutoka kwa wingi, na kushuka kwake baada ya kondo kutoka ndiko kunakoyafungulia, kwa kawaida siku ya 2 hadi ya 4. Kwa hiyo maziwa yanayochelewa kupita siku hizo, damu inayoongezeka badala ya kupungua au inayolowesha pedi nzima kwa muda mfupi, mabonge makubwa, uchafu unaonuka, homa au maumivu makali ya tumbo ni dalili za kurudi kituoni siku hiyohiyo, hata usiku, bila kusubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.